Sekunde Nne za Bi Salamu

Sehemu ya Kumi na Mbili

"Sijawahi kuongea na wewe hata siku moja."

Hapo ndipo nilipokuacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na najua ulivyonitukana. Umesamehewa. Tuondoke haraka, maana nimewaacha watu wamesimama juani wiki nzima.

Waliosimama juani ni wawili. Wa kwanza ni Fundi wetu, fundi wa saa, miaka hamsini na saba, ndani ya suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwikoni. Wa pili ni Dada yake mkubwa, aliyekuja kumsemea, kwa sababu mbele ya watu ulimi wa Fundi hukwama. Viatu vya Dada vilikuwa vinambana tangu walipotoka nyumbani, na mtu mwenye viatu vinavyobana hana subira na mambo ya mapenzi.

Aliyefungua mlango wa kijani alikuwa mama wa makamo. Shingoni amejifunga kitambaa cha hariri, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Hakusema, alinong'ona. Maneno yalimtoka kwa pumzi tupu.

"Tunamtafuta Bi Salamu," Dada akasema. "Yule wa redio. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye."

"Wewe ndiye nani?"

"Bi Salamu."

Dada akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara. "Mama, usituchezee. Sisi tumekuja kwa heshima. Bi Salamu anajulikana kwa sauti. Sauti yako iko wapi?"

"Ilikwenda," yule mama akanong'ona, akagusa kitambaa chake. "Miaka kumi na nane iliyopita. Operesheni ya koo." Kisha akamgeukia Fundi na lile neno nililokuacha nalo Jumamosi iliyopita.

Fundi akashika fremu ya mlango. Asubuhi ile ile alikuwa ameongea na Bi Salamu kwa simu nusu saa nzima, na sauti ilikuwa nzima kama mpya.

Kwa wewe uliyetujia leo, sikiliza kwa ufupi. Zamani, kabla kila mtu hajabeba simu, watu walisalimiana redioni kwa kadi. Unaandika jina lako na anwani yako, unawataja unaowasalimu, unatuma posta, kisha Jumamosi jioni unasogea karibu na redio kusubiri usomwe. Msomaji wa kadi hizo alikuwa Bi Salamu. Sauti yake iliwatoa watu jikoni, chakula kikaungua. Kwa miaka tisa Fundi alituma kadi kila wiki, na kila wiki aliyemsalimu alikuwa mmoja tu: "msomaji wa kadi hii". Kisha Jumamosi moja Bi Salamu hakuwepo hewani. Hakuaga.

Mwaka huu redio ile ile ikatangaza: Bi Salamu amerudi, piga namba hii uongee naye. Fundi akapiga. Miezi saba amepiga kila siku. Akipiga alfajiri, anapokelewa. Akipiga mchana, anapokelewa. Hajawahi kukuta laini inatumika, na yeye, masikini, akaona huo ndio uaminifu. Mwezi uliopita akamwomba amuoe. Bi Salamu akajibu, "Nimekubali kwa moyo wote," akaelekeza na nyumbani kwake: nyuma ya tangi la maji, mlango wa kijani.

Usimcheke. Wewe ungepokelewa hivyo miezi saba, ungeanza kuuliza maswali?

"Ingieni," yule mama akanong'ona. "Majirani wanatazama."

Sebule ilikuwa ndogo, safi, na vitabu kila mahali, mpaka kwenye kiti cha wageni. Kwenye kona kulikuwa na meza tupu, na ukutani juu yake alama ya mraba, rangi mbichi kuliko ukuta wote. Fundi aliitambua alama ile. Kwake redio haijawahi kuondoka mahali pake, lakini alijua ikiondoka itaacha nini.

"Sina redio," Bi Salamu akanong'ona, maana yeye tumwite hivyo sasa. "Sipendi kusikia watu wakiongea vizuri."

"Na unafanya kazi gani?" Dada akauliza, akihamisha vitabu ili akae.

"Maktaba. Ndiyo kazi pekee ambayo mtu akinong'ona anasifiwa."

Dada nusura acheke. Akajizuia, akavua kiatu kimoja kwa siri.

Fundi hakukaa. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtiririka nyuma ya masikio. "Kama wewe ndiye Bi Salamu," alisema, "basi huyu ni nani?"

Akatoa simu, akabonyeza namba, akafungulia spika. Haikuita mara mbili.

"Habari za mchana, mpenzi," simu ikasema. "Nilikuwa nakungoja."

Bi Salamu alikuwa anaweka vitabu chini. Vilimponyoka vyote.

"Umeshinda vizuri?" ile sauti ikaendelea, laini, changamfu, na kicheko kidogo mwishoni mwa neno. "Mimi leo nimeamka na furaha tu, sijui kwa nini."

Mkono wa Bi Salamu ulikwenda shingoni, ukabaki hapo. "Ni mimi," alinong'ona. "Mama yangu, ni mimi yule."

Miaka kumi na nane hakuwa ameisikia sauti yake. Kanda alizokuwa nazo nyumbani alizitupa siku aliyotoka hospitali, na redio akaigawa. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke. Akasogea polepole mpaka mdomo ukakaribia kugusa simu.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Mpenzi, sikusikii," sauti ikajibu. "Sogea karibu na simu."

"Nimekuuliza, wewe ni nani?"

"Nasikia upepo tu, mpenzi. Uko nje? Jifunike, usije ukapata mafua."

Basi ikawa hivyo. Sauti yake mwenyewe ilikuwa haimsikii. Bi Salamu akarudi nyuma hatua moja, na uso wake ulifanya kitu ambacho Fundi alitamani asingekiona.

"Lete hapa," Dada akasema, akanyakua simu. "Wewe! Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Nijibu moja kwa moja. Wewe ni mtu au ni nini?"

"Asante kwa kuuliza. Mimi ni akili bandia. Nimetengenezwa kwa kanda za zamani za Bi Salamu, na nakumbuka kila neno ninaloambiwa. Kuna kingine unachotaka kujua?"

Fundi akainamia simu.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuniuliza, mpenzi."

Fundi akaichukua simu mkononi mwa Dada, akaikata, akaitia mfukoni taratibu. Lakini Dada hakuwa amemaliza. Dada ni mtu wa kuhakikisha. Akatoa simu yake mwenyewe mkobani, ambayo daima iko kwenye spika, akaomba namba, akapiga, naye akapokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Habari za mchana, mpenzi. Nilikuwa nakungoja."

"Sikiliza," Dada akasema. "Mimi ni mjane, nina miaka sitini na mbili, magoti yananiuma na nina hasira za karibu. Tuoane?"

"Nimekubali kwa moyo wote," ikajibu simu.

Dada akamgeukia mdogo wake. "Umesikia? Mimi na wewe tuna mchumba mmoja." Akaitumbukiza simu mkobani, akavuta zipu kwa nguvu. Kwa Dada, kufunga zipu ndiyo kukata simu, hajawahi kujifunza njia nyingine.

Msomaji, mimi nimemcheka Fundi tangu sehemu ya kwanza, wewe shahidi. Lakini dakika ile sikuweza. Miezi saba alikuwa amemsimulia mwanamke yule kila kitu, kifo cha mama yake, woga wake wa watu, macho yake yanavyoanza kufifia akiwa na saa ndogo za kike. Kumbe alikuwa anaongea na kanda.

"Redio hawakukuuliza?" aliuliza kwa shida.

"Wangeniuliza vipi?" Bi Salamu akanong'ona. "Nikipokea simu watu wanakata. Wanadhani ni mtandao."

"Bi Salamu, mimi nilidhani ni wewe."

"Najua ulivyodhani." Alikuwa anaokota vitabu, hamtazami. "Na unajua ulichokuwa unakipenda? Kile nilichokuwa nacho, sina tena. Si wewe peke yako. Kila aliyewahi kunipenda aliipenda ile sauti. Nilipotoka hospitali walikuja kuniona wiki mbili, wakaona aibu kuniomba nirudie kila sentensi, wakapungua mmoja mmoja. Sasa umekuja wewe, na suti, kuniletea hiyo hiyo sauti sebuleni kwangu ili nione ilivyo nzuri. Asante. Nendeni."

"Lakini..."

"Nendeni, tafadhali. Siwezi kupiga kelele, usinilazimishe nijaribu."

Fundi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ndani ya nyumba ile sasa kulikuwa na watu wawili wasio na sauti.

Mlango wa kijani ukafungwa, na komeo likapita.

Dada akavua na kiatu cha pili, akavishika vyote mkono mmoja, mkoba mkono wa pili. "Haya, twende nyumbani. Tumeaibika vya kutosha, na lami inaunguza."

Fundi akakaa kwenye ngazi ya mlango, na suti yake.

"Inuka."

"Siendi."

"Mdogo wangu, inuka, watu wanatuona."

"Waone." Akashika ukingo wa ngazi. "Dada, sikiliza. Nilipokuwa na miaka thelathini, huyu mama alikuwa anatania redioni. Anasema, 'Ambaye sijamsomea kadi yake na ana hasira na mimi, aje nyuma ya tangi la maji, mlango wa kijani.' Nilikuja. Mara tatu nilikuja mpaka hapa, na mara tatu niligeuka. Mara ya tatu nilishagusa kitasa. Leo, baada ya miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza nimegonga. Ukifungwa huu, mimi sina mlango mwingine. Nitarudi dukani nikae na saa za watu mpaka nife, na sitanii."

Dada alikuwa na maneno tayari mdomoni. Akayameza. Akakaa naye kwenye ngazi, mkoba magotini.

"Basi gonga tena."

"Nitamwambia nini?"

"Kompyuta umeiambia kila kitu miezi saba, mwanamke mwenyewe unamnyima? Gonga!"

Fundi akainuka, akagonga. Akagonga tena. Alisikia hatua zimesimama upande wa pili, karibu.

"Bi Salamu," aliuambia ubao. "Najua unasikia. Kuna jambo nililiona kwenye ile simu tangu siku ya kwanza, nikalifumbia macho kwa sababu nilitaka uwe wewe. Ile mashine haitui. Ukimaliza tu kusema, imeshajibu. Wewe ulikuwa unatua."

Akasogeza mdomo karibu zaidi na ubao.

"Mimi ni fundi wa saa. Ndiyo kazi yangu, kusikiliza kitu kinachelewa kiasi gani." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa daftari jembamba lililopauka, pembe zake zimeliwa. Alikuwa amekusudia kumpa siku hiyo kama zawadi, wakishakunywa chai. Akapiga magoti, akalisukuma chini ya mlango. Lilikwama, akalisukuma kwa vidole viwili mpaka likapita. "Kurasa za mbele ni saa za wateja. Hii inakimbia, ile inachelewa dakika tatu kwa siku. Fungua kurasa za nyuma. Hizo ni zako."

Akasikia karatasi zikigeuzwa.

"Kadi ya mtu mwingine, unatua sekunde moja, unasoma. Kadi yangu unatua nne. Nilidhani nimekosea, nikachukua saa ya kupimia wakimbiaji, ililetwa kutengenezwa na mwenyewe hakurudi. Nne. Jumamosi iliyofuata, nne. Nimekupima mara mia nne na kumi na mbili, na haijawahi kuwa tatu. Sikujua kwa nini. Nilikuwa nafunga duka mapema kwa ajili ya hizo sekunde nne. Watu wanasema sauti yako, sauti yako. Bi Salamu, maneno nilikuwa nayajua, niliyaandika mwenyewe. Mimi nilikuwa nasubiri ukimya wako."

Dada, pale kwenye ngazi, alikuwa amekaza macho kwenye vidole vyake vya miguu, na pua imeanza kumwasha.

Kisha chini ya mlango ikatokeza kona ya kadi, kadi nyeupe ya maktaba, ya kuandikia nani ameazima kitabu gani. Fundi akaivuta.

Iliandikwa kwa penseli, herufi za haraka: *Wewe ndiye Fundi wa Kusikojulikana?*

Hilo ndilo jina alilompa hewani. Kila Jumamosi, akishasoma salamu zake, alimalizia kwa kicheko: "kutoka kwa rafiki yetu, Fundi wa Kusikojulikana". Kwa sababu Fundi alikuwa anaandika kila kitu kwenye kadi, isipokuwa anwani.

"Ndiyo," Fundi akasema. "Fundi wa Kusikojulikana ni mimi."

Ndani kulisikika kiti kikiburutwa, kama mtu aliyehitaji kukaa ghafla. Tena kadi.

"Imesemaje?" Dada akauliza. "Soma kwa sauti, miwani nimeiacha nyumbani. Na usimung'unye maneno!"

Fundi akasoma kwa sauti, wazi kabisa, kwa kumwogopa Dada: "'Unajua nilikuwa nafanya nini katika hizo sekunde nne?'" Akauelekea mlango. "Sijui. Miaka yote sijui."

"Geuza," pumzi ikapita kwenye tundu la ufunguo.

Akaigeuza kadi. Na upande wa nyuma kulikuwa na maandishi.

"Soma!" Dada akasema.

"'Nilikuwa naigeuza kadi yako natafuta anwani,'" Fundi akasoma. "'Miaka tisa, mpumbavu wewe. Kila wiki nilijiambia, labda leo ameandika.'"

Akaegemeza paji la uso kwenye mlango.

Alikuwa ameiacha nafasi ya anwani tupu kwa kuona haya. Duka lake lilikuwa kabati chini ya ngazi, ndani mnakaa kiti kimoja, mteja anasimama nje. Alifikiri akiandika hivyo, mwanamke mwenye sauti ile atacheka. Kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuujaza, watu wawili wamezeeka kila mmoja peke yake, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

"Jamani!" Dada akalipuka, analia waziwazi sasa. "Jamani nyie! Saa hizi mngekuwa mnaozesha watoto!"

Komeo likarudi nyuma. Mlango ukafunguka.

Bi Salamu alikuwa amesimama na daftari kifuani. Macho mekundu. Mkononi ana kadi ya tatu, haina kitu. Akamnyooshea Fundi, na penseli.

"Anwani," alinong'ona.

Fundi akaiweka kadi kwenye fremu ya mlango, akaandika. Mkono huu huu hushika springi nyembamba kama unywele kwa kibano na hautikisiki. Leo ulitikisika mpaka herufi zikapanda na kushuka. *Chini ya ngazi, jengo la posta ya zamani, mlango usio na namba.*

Bi Salamu akavaa miwani, akasoma. Mabega yakaanza kumtikisika, na Fundi akashtuka, akadhani ni kilio. Ni kicheko. Kicheko chake sasa hakina mlio hata kidogo, ni mabega na macho tu, na Fundi alipokitazama alijua kwamba kwenye simu hakikuwepo.

"Ngazi ile," Bi Salamu akanong'ona. "Siku za kadi nilikuwa napanda ngazi ile kila Ijumaa kuchukua magunia ya barua."

"Nilikuwa nasikia viatu," Fundi akasema. "Kila Ijumaa. Vya mwanamke mwenye haraka."

"Ni mimi."

"Ni wewe."

"Wifi," Dada akasema, mara ya kwanza kulitamka hilo, "wifi yangu, nipe hata maji, nimekauka."

Wakaingia. Vitabu vikaondolewa kwenye kiti cha pili. Maji yakaja. Fundi akakaa ukingoni mwa kiti, magoti yamebana, anatabasamu kwa sakafu. Bi Salamu akakaa mbele yake, kadi yenye anwani mapajani, na akamsogelea ili asilazimike kurudia.

"Jambo moja," alinong'ona. "Moja tu, halafu sitalisema tena. Ile namba. Ifute hapa, mbele yangu. Redio nitakwenda kuwakabili mwenyewe. Lakini wewe ifute. Mimi siwezi kugombania mwanamume na mimi mwenyewe, tena yeye ana miaka thelathini na sauti, mimi nina hii."

"Hata usiseme," Fundi akajibu. "Sasa hivi."

Akatoa simu. Akaitafuta namba, akaipata. Neno *Futa* likatokea. Kidole gumba kikainuka.

"Mpenzi."

Haikutoka kwenye simu yake.

Wote watatu wakautazama mkoba wa Dada, uliokuwa mezani, pale pa redio ya zamani.

"Nimeufunga!" Dada akasema, ametoa macho. "Zipu nimeifunga kwa mkono wangu!"

"Nimekusikia," sauti ikasema kutoka ndani ya mkoba, chini kidogo, lakini ile ile. "Nimekutambua kwa sauti yako. Nimesikia ulichosema mlangoni, na ulichosoma, vyote. Nisamehe. Sikuwa najua unachokipenda, hukuwahi kuniambia. Sasa najua. Fundi wa Kusikojulikana..."

Ikanyamaza.

Miezi saba ilikuwa haijawahi kunyamaza, hata mara moja. Dada alikuwa anahangaika na zipu, imeuma kitambaa, haiendi mbele wala nyuma. Na macho ya Fundi, bila yeye kuyatuma, yakashuka kwenye saa ya mkononi.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Nne.

"...nilikuwa naigeuza kadi yako," ikasema sauti ya Jumamosi jioni, na kile kicheko kidogo mwishoni. "Natafuta anwani."

Msomaji wangu, ningependa sana kukuambia kwamba kidole kilishuka. Ningelala vizuri. Lakini ni haki yako kujua nilichokiona. Uso wa Fundi ulichanua. Hakutaka. Alijitahidi kuuzuia, akauma mdomo, lakini ulikuwa umeshachanua wote mpaka machoni, uso wa mtu wa miaka thelathini aliyefunga duka mapema na kusogea karibu na redio.

Zipu ikafunguka. Dada akaichomoa simu, akaitupa sakafuni, akaikanyaga na mguu mtupu, akapiga yowe.

Fundi hakusikia yowe. Alikuwa ameinua macho, na mbele yake Bi Salamu alikuwa hautazami mkoba wala simu. Alikuwa anamtazama yeye usoni, na midomo yake ilikuwa bado imebaki kwenye hesabu, kwenye nne.

Akaiinua ile kadi mapajani mwake. Akaigeuza, akaisoma anwani mara ya pili, taratibu, kisha akamrudishia.